Maji saba ya madrasa na mto Msimbazi



Muulize mtoto yeyote aliyekaa madrasa japo mwaka mmoja, maji yanayofaa kujitwaharishia ni mangapi. Atakujibu bila kuvuta pumzi: ni saba. Maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Ni somo la mwanzo kabisa katika fiqhi, maana mlango wa twahara hutangulia mlango wa swala, na ustaadh hakuachii uende mbele mpaka uyataje yote saba. Mimi nilifundishwa hivyo, na bila shaka mwanao naye anafundishwa hivyo.

Sasa mpe mtihani wa pili. Muulize maji ya mto ameyaona wapi. Kwa mtoto wa Buguruni, Manzese, Kigogo au Kariakoo, mto anaoujua ni ule mweusi unaopita chini ya daraja, anaouvuka ndani ya daladala huku abiria wameziba pua. Theluji na mvua ya mawe tumsamehe, kwa sababu theluji yetu iko Kilimanjaro. Lakini mvua, mto, kisima na bahari viko hapa hapa Dar es Salaam, na mtoto anaweza kuvifuata vyote kwa siku moja na kurudi nyumbani kabla ya Magharibi. Leo nataka kukushawishi umpeleke, na umpeleke pamoja na watoto wa jirani, kwa jina la msikiti wenu au madrasa yenu.

Wengi wenu mnakumbuka zilivyoanza hizi Jumamosi za usafi. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kisha kikasambaa mikoani. Ilipofika tarehe 9 Desemba mwaka huo, Rais John Magufuli alikuwa amekwisha kuzifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, na yeye mwenyewe akatoka kuzoa taka maeneo ya Feri. Baadaye ikapangwa kuwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi iwe ya usafi. Ipo mitaa inayoitekeleza vizuri, na ipo ambayo siku hiyo maduka yanafungwa mpaka saa nne, watu wanakaa barazani kupiga soga, saa nne ikifika wanafungua.

Hata kule panapofanyika kazi, nimeona jambo moja likijirudia. Vijana wanazibua mtaro kwa bidii, tope na chupa vinarundikwa kando ya mtaro huo huo, picha zinapigwa, watu wanatawanyika. Gari la taka halikuagizwa. Mvua ya kwanza inalirudisha rundo lote ndani. Wiki moja au mbili baada ya mvua kubwa, benchi la zahanati linajaa kina mama wenye watoto wanaoharisha, na unapowauliza wanatoka wapi, wanataja mitaa ile ile ya mabondeni. Nimezoea kiasi kwamba mvua ikinyesha usiku kucha, kabla ya kwenda kazini nawaza kama dripu zipo za kutosha.

Tunafagia bila kujua maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Ndiyo maana nasema tuanze kwa kutembea.

Kutoka Pugu hadi Selander

Mto Msimbazi una urefu wa kiasi cha kilomita 35. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, kwenye msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, unapita kandokando ya Vingunguti, Tabata na Kigogo, unatandaa katika bonde la Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Kwa hiyo mto wote ni wetu. Hauji na taka za mkoa wa mbali wala za nchi jirani. Kila kinachoelea pale Selander kimetupwa na mtu anayeishi humu humu, na kwa sensa ya mwaka 2022 tulikuwa watu 5,383,728.

Niliwahi kufuatana na madrasa moja ya Ilala katika matembezi ya namna hii. Wazazi walichanga, ikakodiwa Coaster, watoto walikuwa zaidi ya ishirini na kina mama watano. Tulianzia juu. Kule msituni pana kivuli kizito na ubaridi ambao mtoto wa mjini haujui, maana majani yanaivunja nguvu mvua kabla haijagonga ardhi, na udongo wenye majani makavu unayanywa maji kama sifongo na kuyaachia polepole. Watoto walimwaga kopo la maji chini ya mti, wakahesabu muda yalivyozama. Kisha wakamwaga kopo jingine kwenye uwanja uliokanyagwa ukawa mgumu, wakayaona yanakimbia na vumbi na maganda ya pipi. Somo la mafuriko liliishia hapo, na halikuhitaji ubao.

Tuliposhuka kuelekea Vingunguti, harufu ilitupokea kabla ya mto. Vingunguti ina machinjio, na ina mabwawa ya majitaka ambako magari ya kunyonya vyoo yamekuwa yakimwaga mzigo wake. Kijana mmoja wa miaka kama tisa alisimama ukingoni akauliza kwa sauti, "Ustaadh, haya nayo ni maji ya mto?"

Ustaadh hakumkemea. Alimwambia, "Umeuliza vyema, mwanangu. Tazama rangi yake. Sikia harufu yake. Ladha hatuionji. Maji yakibadilika moja kati ya hayo matatu kwa kuingiwa na najisi, yanakuwa najisi, hata yakiwa mengi kama haya."

Akawaeleza pia kuwa maji yanayobadilika rangi kwa udongo tu hayapotezi utwahara wake, kwa hiyo mto wenye tope la mvua kule juu bado unatawadhiwa. Huu wa hapa hapana. Palikuwa kimya kidogo. Watoto walikuwa wamehifadhi hukumu hiyo tangu mwaka uliotangulia, lakini nadhani ndiyo mara ya kwanza waliona kuwa maji mengi, tena ya mto, yanaweza kuondolewa katika orodha ya saba na mikono ya watu.

Mama mmoja akaingilia kati. "Na kisima chetu, daktari? Kiko hatua chache tu kutoka bondeni, lakini maji yake meupe, hayana harufu."

Watu wengi hawapaelewi hapa, kwa hiyo nipe nafasi. Maji meupe yasiyo na harufu wala ladha mbaya yanaweza kufaa kwa udhu, na hukumu hiyo waachie masheikh. Lakini kufaa kwa udhu si sawa na kufaa kwa kunywa. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibadilishi rangi wala harufu. Glasi inang'aa kama kioo, na ndani yake mna maradhi ya kutosha kulaza nyumba nzima. Utaratibu wa kawaida ni kisima kiwe angalau mita 30 kutoka choo cha shimo. Ukichukua futi kamba ukapima uani kwako, huenda usipate hata mita kumi. Basi maji hayo yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, si ndoo ya kuchovya kikombe. Na kikizuka kipindupindu mtaani, hata maji ya kusukutua wakati wa udhu yawe yametibiwa, hasa kwa watoto, kwa sababu wao humeza.

Choo kinachotapishwa

Nisipolisema hili nitakuwa nimekuandikia porojo. Mvua zinapokolea, wapo watu miongoni mwetu wanaotoboa ukuta wa choo na kukiacha kitapike kwenye mtaro, wakingoja mvua ibebe. Wanafanya usiku. Wengine ni wapangaji waliochoka kumbembeleza mwenye nyumba, na wengine ndio wenye nyumba, watu wa safu ya mbele msikitini. Sababu inayotolewa ni gharama ya gari la kunyonya, au kwamba gari haliwezi kuingia kichochoroni. Ni kweli gharama ni kubwa kwa mwenye kipato kidogo. Hata hivyo, kinyesi kile kinaingia chumbani kwa jirani wa bondeni, kinakaa kwenye sakafu anapotambaa mtoto wake.

Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye njia za watu, kwenye vivuli wanavyopumzikia na kwenye sehemu wanapoteka maji. Mwenye kutapisha choo kwenye mtaro wa mtaa mzima anafanya jambo hilo kwa ukubwa mara mia, halafu asubuhi anachagua maji ya kutawadhia. Imamu akiligusa hili kwenye khutba ya Ijumaa kabla ya masika, ataokoa watoto wengi kuliko mimi na dripu zangu.

Nimeona pia msaada unaofanya kazi. Nyumba nne au tano zinazopakana zinachangishana, zinaita huduma ya kunyonya vyoo kwa siku moja, na palipo na kichochoro zinatafuta vijana wenye pampu ndogo na mkokoteni. Hii nayo ni kazi ya kuanza Jumamosi ya usafi, pengine kubwa kuliko kufagia, na wakati wake ni kabla ya mvua, yaani Februari kwa masika na Septemba kwa vuli.

Tuendelee na safari. Katika bonde utaona matuta ya mchicha, matembele na figiri, na watu wanaomwagilia kwa maji ya mto. Siwalaumu, wanatafuta riziki. Lakini tafiti zilizofanywa katika bonde la Msimbazi zimekuta madini mazito, yakiwemo risasi, kwenye mboga. Kuosha kwa maji safi yanayotiririka kunapunguza vijidudu, na kupika kunaviua, ila risasi haiondoki kwa moto wala kwa chumvi. Kwa mtoto mdogo risasi huathiri ubongo. Muulize muuza mboga wako anakochukulia. Au lima mwenyewe, kwani kiroba kimoja cha udongo na mbolea ya samadi iliyooza vizuri kinatosha kuilisha nyumba mchicha mara kadhaa, na mtoto anayemwagilia mboga yake kila jioni huila bila kulazimishwa.

Jangwani hapahitaji maelezo mengi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na baadhi ya familia zikapewa viwanja Mabwepande. Mto unahitaji bonde lake wakati wa mvua. Tukilijaza nyumba na mitaro tukaijaza chupa, maji yatapita tu, na yatapita na vilivyomo.

Penye Selander maji kupwa, wasimamishe watoto watazame mikoko. Wafundishe majina kabla hayajasahaulika: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mkandaa, msinzi, mkomafi. Mchu huota vijiti vinavyochomoza kutoka kwenye tope kama penseli. Hivyo ni mizizi ya kupumulia. Mfuko wa nailoni ukivifunika, mti unakosa hewa. Na ukifa mkoko, samaki wadogo na kaa wanakosa pa kukulia, na mawimbi yanapata njia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na wenzetu wa Zanzibar walitangulia mwaka 2006. Mikoko ilipata nafuu. Kilichobaki kwa wingi ni chupa za maji, na hapa nina neno na sisi wenyewe.

Angalia uwanja baada ya swala ya Idi. Angalia ukumbi baada ya walima, au ua wa msikiti baada ya futari ya pamoja. Tumemlisha aliyefunga, jambo jema, kisha tumeacha mamia ya chupa ndogo na sahani za foronya za kutupwa, ambazo kesho zitachomwa nyuma ya msikiti karibu na dirisha la darasa la watoto. Moshi wa plastiki una sumu, na mwenye pumu anaulipia papo hapo. Zamani palikuwa na sinia, jagi, na birika la kunawishia wageni. Sinia linaoshwa. Sioni kwa nini tumelionea haya.

Mnavyoweza kujipanga

Anzeni na matembezi, kazi ifuate mwezi unaofuata. Mkishauona mto, mtajua wenyewe mtaro upi wa mtaani kwenu unamwaga wapi. Mwambieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, na kabla ya kuingia msitu wa hifadhi wasilianeni na ofisi ya misitu iliyopo huko juu ya ruhusa na ada. Ondokeni baada ya Alfajiri, jua likiwa changa. Kila mtoto awe na kofia na chupa yake ya maji ya kutoka nyumbani, ambayo anarudi nayo. Kwa nyinyi wazazi wenye sukari na shinikizo la damu, ile nusu saa ya kutembea msituni ni dawa mnayoandikiwa kila siku mkaacha kuimeza. Tunashauri dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki.

Siku ya kuzibua mitaro ni tofauti. Watoto wadogo wasiingie mtaroni, kabisa. Wao wapewe kuokota chupa sehemu kavu, au kusaka vifuu, matairi na makopo yenye maji, wayamwage na kuvisugua ndani, maana mayai ya mbu wa dengi hugandia ukutani mwa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi. Mbu huyu anapenda maji masafi yaliyotuama, anauma mchana, na ndiye aliyetusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mjamzito naye asiingie mtaroni. Wanaoingia wavae gambuti na glovu nzito, wawe na koleo na reki, na wajue kama chanjo yao ya pepopunda haijapitwa. Sindano iliyotumika isiokotwe kwa vidole. Isukumieni kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na kuipeleka kituo cha afya. Na gari la taka au toroli liwepo kabla ya koleo la kwanza kuingia kwenye tope.

Kuhusu miti, nitasema kwa kifupi, kwani miti ya picha tumeichoka. Kiongozi anakuja, mche unawekwa shimoni, makofi, na baada ya mwezi kimebaki kijiti. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Mti uliokufa kwa kiu haulishi ndege. Pandeni michache mwanzoni mwa mvua, mwarobaini, mkungu au mwembe, na kila mmoja uwe na mtoto anayeujua kwa jina. Na maji yapo. Yale yanayotiririka kutoka kwenye bomba za udhu mara tano kwa siku yanaweza kuongozwa kwa bomba moja mpaka kwenye mashina, badala ya kutuama kando ya msikiti na kufuga mbu. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa kibaba kimoja, kiasi ambacho hakifiki lita. Kaa kwenye bomba la msikiti wenu ukahesabu sisi tunatumia ngapi.

Mkirudi nyumbani, kuoga kwa sabuni kunatangulia chakula. Vua nguo za mtaroni nje, zifue peke yake, kagua miguu. Mchubuko wowote uoshwe kwa maji mengi na sabuni, na jeraha la msumari lipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya pepopunda. Katika wiki mbili zinazofuata, homa kali yenye maumivu ya misuli, hasa ya miguu, na macho kuwa mekundu au ya njano, isitibiwe kwa kubahatisha kuwa ni malaria. Pimeni, na mwambieni tabibu kuwa mgonjwa aliingia kwenye maji machafu, kwa sababu mkojo wa panya huleta homa ya mgunda, ile iliyoua watu Lindi mwaka 2022, na inatibika ikiwahiwa. Ikiwa homa ina maumivu nyuma ya macho, na dengi ipo mjini, tumieni parasetamo tu. Asprini, diklofenaki na ibuprofeni huweza kuzidisha kuvuja damu.

Na mtoto akianza kuharisha, usingoje asubuhi. Lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo kila baada ya kuharisha, endelea kumnyonyesha, na mfikishe kituoni akapewe zinki, ambayo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yakadidimia, au akashindwa kunywa, hiyo ni safari ya hospitali usiku ule ule, na mchanganyiko uendelee kumpa mkiwa njiani.